Wembe unakata unywele hewani lakini unavuta ndevu: hadubini ilinionyesha kwa nini

#1 NoaPole (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna wembe mmoja wa kukunja umenisumbua karibu mwezi mzima. Niliunoa kwenye jiwe la 1000, nikapanda la 4000, nikamalizia la 8000 (namba ikipanda, chembe za jiwe ni ndogo zaidi), kisha nikaupitisha kwenye mkanda wa ngozi mara hamsini. Ukiuning'iniza unywele na kuugusisha makali, unakatika papo hapo. Lakini nikinyoa, kipande cha karibu na ncha kinavuta. Mashavuni unateleza vizuri kabisa. Ukifika juu ya mdomo, ambapo ncha ndiyo inayofanya kazi, machozi yanatoka.

Nikarudia jiwe la 8000 mara tatu. Hali ni ile ile. Mara ya nne niliyaacha mawe, nikauweka wembe chini ya hadubini.

Kabla sijaendelea, tukubaliane maneno ili tusipishane. Ukingo ni pale pande mbili zinapokutana, penyewe panapokata. Mshazari ni ule ukanda unaong'aa nyuma ya ukingo, ambao ndio jiwe linaula. Mgongo ni upande mnene unaolala kwenye jiwe wakati wa kunoa. Kisigino kiko upande wa mpini, ncha iko mwisho.

Kuanzia kisigino hadi kama robo tatu ya urefu, mshazari ulikuwa umejaa mistari myembamba mno ya jiwe la 8000, yote imelala upande mmoja kama nyasi baada ya upepo, na inafika mpaka ukingoni. Halafu, sentimita moja na nusu kabla ya ncha, picha inabadilika. Mistari myembamba bado ipo ila inaishia njiani. Kati yake na ukingo umebaki ukanda mdogo, upana wake haufiki hata nusu ya unene wa unywele, na ndani ya ukanda ule kuna mifereji mipana ya jiwe la 1000. Ukingo pale ulikuwa na meno kama msumeno. Yaani jiwe la 4000 na la 8000 hayakuwahi kugusa ukingo sehemu ile hata siku moja. Yalikuwa yanang'arisha nyuma yake.

Sababu niliipata nilipougeuza wembe na kutazama mgongo. Huwa nabandika utepe wa umeme mgongoni ili usilike. Utepe ule ulikuwa mzima nilipoanza na 1000, lakini upande wa ncha ulikuwa umeshachakaa na kutoboka nilipofika 4000. Unene wake ni kama mm 0.15. Juu ya wembe wenye upana wa mm 17, hiyo ni nusu digrii kila upande. Nusu digrii tu! Mgongo ukishuka kiasi hicho, jiwe linagusa nyuma ya mshazari kwanza, na ukingo unabaki unaelea juu yake. Ningeweza kusugua mpaka kesho.

Na ule unywele je? Nilikuwa naupima katikati ya wembe. Kila mara katikati.

Nikabandika utepe mpya, nikarudi 1000 kwa dakika chache, na sasa nabadilisha utepe kila nikibadilisha jiwe. Kunyoa kwa leo asubuhi nimesahau kabisa kwamba kuna ncha.

Ninachotaka tujadili hapa ni matumizi ya hadubini yenyewe, kwa sababu naona watu wengi wanaitaka iwape jibu ambalo haina. Ukingo wa wembe ulionolewa vizuri una unene wa kama sehemu moja ya kumi ya mikroni (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), pengine chini ya hapo. Lenzi ya kawaida ya mara 10 hutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban mikroni 1. Ya mara 40, karibu mikroni 0.4. Hata lenzi bora za kutumia mafuta hukwama kwenye mikroni 0.2 hivi, na si kosa la mtengenezaji; mawimbi ya mwanga yenyewe ndiyo yanayoweka mpaka huo, kama mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alivyoeleza mwaka 1873. Kwa hiyo ukali wenyewe huuoni. Unachokiona ni mikwaruzo: ni ya jiwe gani, imetoka wapi, na imefika wapi. Mimi naitumia hadubini kutafuta mahali ambapo kazi haijafika. Nisipopaona, naenda kunyoa.

#2 Asubuhi_Njema

Mkuu hapo kwenye utepe umenigusa. Nakaa hapa nisome.

#3 KinyoziMkongwe

Kijana wangu, nimesoma yote. Mimi nimenoa nyembe tangu wengi wenu hamjaota ndevu, na sijawahi kuwa na hadubini. Ukipitisha kidole gumba kwa kukatisha makali, taratibu, kwa ngozi iliyolowa, wembe unakuambia wenyewe. Kama unateleza, bado. Kama unang'ata na kushika, tayari. Na sikio lako lifundishe mkanda wa ngozi unavyolia: wembe mzima unatoa mlio mmoja kuanzia mwanzo wa mkanda hadi mwisho. Haya ya lenzi yasije yakawafanya vijana waache kusikiliza mikono.

#4 NoaPole

Shikamoo mzee wangu. Sipingi hata neno moja. Kidole changu kilikuwa kinaniambia kwamba ncha ina tatizo, na ndicho kilichonifanya nisikate tamaa nikasema labda ni ndevu zangu. Kilichonishinda ni sababu. Gumba linaposema "bado", kuna mambo kama manne au matano yanayoweza kuwa chanzo, na kila moja lina dawa yake. Nilikuwa naendelea kumeza dawa moja kwa ugonjwa nisioujua.

Halafu jambo hili lina umri mkubwa kuliko tunavyodhani. Robert Hooke, mwanasayansi Mwingereza aliyechapisha kitabu cha hadubini, Micrographia, mwaka 1665, alianza kwa kuchunguza ncha ya sindano, na kitu cha pili kabisa ni makali ya wembe. Aliona mstari mweupe wa mwanga ukirudi kutoka ukingoni kwenyewe, mahali pengine mwembamba, pengine mnene, pengine umebonyea. Na ubavuni aliona mikwaruzo mingi inayopishana kila upande, ingawa wembe ulikuwa umenolewa kwa jiwe na mafuta.

Ule mstari mweupe ndio mpaka leo kitu cha kwanza ninachotafuta. Simamisha wembe makali yakiangalia juu, mwanga utoke juu, na wewe utazame kutoka juu. Pande mbili zikiwa zimekutana kweli, hakuna uso wa kurudisha mwanga, unaona giza tu. Ukiona uzi mweupe au vidoti vinavyometa, pale hazijakutana, au pamepigwa butu. Hilo halihitaji hata hadubini kubwa. Kioo cha kukuzia cha mara 10 na taa moja vinatosha.

#5 Mwanafunzi_wa_Makali

Wakuu naombeni msaada. Nina hadubini ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta, imeandikwa inakuza mara 1000. Nikiweka wembe naona weupe mtupu, kama nimemulikwa tochi usoni. Nikipunguza taa naona weusi mtupu. Picha zenu mnazipataje?

#6 NoaPole

Mkuu, pole, karibu kila mtu anaanzia hapo. Kuna mambo mawili.

La kwanza ni hiyo namba 1000. Iache. Kwenye hadubini ya kioo cha kompyuta, ukuzaji unategemea hata ukubwa wa kioo unachotazamia, kwa hiyo namba hiyo haikuambii lolote kuhusu undani. Chukua rula yenye alama za milimita, ipige picha kwa ukuzaji wa juu kabisa, kisha hesabu milimita moja imechukua pikseli ngapi. Ikiwa ni 640, basi pikseli moja ni takriban mikroni 1.6, na mkwaruzo mwembamba kuliko hapo hutautenganisha na jirani yake. Ukishaijua namba hiyo utajua jiwe gani unaweza kulisoma. Mikwaruzo ya 1000 utaiona bila shida, kwa kuwa chembe zake ni kama mikroni 11 hadi 14. Ya 4000, chembe za mikroni 3, utaiona kwa taabu. Kwenye 8000, ambayo chembe zake ni mikroni 1 na kitu, usitegemee kuona mstari mmoja mmoja. Utaona ukungu ulio sawasawa, na huo ukungu kuwa sawasawa ndiyo habari.

La pili ni mwanga, na hapa ndipo penye kazi. Mshazari uliong'arishwa ni kioo. Mwanga ukiupiga unarudi upande mmoja tu: ama unaingia wote kwenye lenzi ukaona weupe, ama unakwepa wote ukaona weusi. Zima taa za kwenye hadubini yenyewe. Tumia taa moja ndogo ya pembeni, ilaze chini, na uipige *kukatisha* mikwaruzo. Ukiipiga kufuata mikwaruzo, inapotea kabisa machoni. Mimi nilidhani nimeondoa michirizi yote ya 1000 kwa sababu hiyo tu. Nikageuza wembe robo mzunguko, yote ikarudi.

Kisha mlalo wa wembe. Ukiulaza mezani kama unavyoulaza kwenye jiwe, mshazari wa juu haujalala sawa, umeinuka kuelekea mgongoni kwa pembe nzima ya wembe. Mgongo wa mm 5 kwa upana wa mm 17 unatoa kama digrii 17. Ndiyo maana unapata mstari mmoja ulio wazi na sehemu nyingine zote ukungu. Dawa yake ni rahisi mno: inua upande wa makali kwa kimo kile kile cha unene wa mgongo. Mgongo wa mm 5, inua makali mm 5. Weka bonge la plastisini (udongo laini wa kuchezea) chini ya bapa, yaani ubavu mpana wa wembe, nyuma kidogo ya makali, libonyeze taratibu mpaka picha iwe wazi kuanzia ukingoni hadi mwisho wa mshazari. Makali yenyewe yasiguse kitu.

Na kama utapata hadubini ya maabara, kumbuka zile za kutazamia majani na damu humulika kutoka chini, na chuma hakipitishi mwanga. Taa ya pembeni inasaidia kwa lenzi ya mara 4 na ya 10. Ya 40 usiilazimishe. Lazima iteremke mpaka chini ya milimita moja kutoka kwenye wembe, na kina chake kilicho wazi ni mikroni moja hivi. Kosa dogo la skrubu, na wembe na lenzi vinagongana.

#7 Jiwe_la_Mto

Mimi langu ni hili: mshazari wangu unang'aa, najiona sura ndani yake. Lakini haukati vizuri kuliko wembe wa rafiki yangu uliofifia kama maziwa, ambao anaumalizia kwa jiwe la asili la Ubelgiji, Coticule. Inawezekanaje?

#8 FundiMetali

Nakujibu hilo kwa kuwa nafanya kazi kwenye maabara ya metali, na nyembe ni mapenzi yangu ya nyumbani.

Mng'ao unakupa habari za mshazari. Ukingo ni mahali pengine. Unaweza kung'arisha mshazari mzima kwa dawa laini ya almasi huku ukingo wenyewe ukiwa umeviringika kwa sababu ulikandamiza ngozi iliyolegea. Ngozi inajikunja kuzunguka ukingo na kuulainisha pande zote mbili. Kwa hadubini inaonekana hivi: karibu na ukingo, mikwaruzo inafifia ghafla na kuna ukanda laini mno usio na mistari, na huo ukanda hauwi wazi pamoja na mshazari. Inabidi ugeuze skrubu kidogo ndipo uuone. Hiyo ni dalili kwamba uso umepinda na kushuka.

Kuhusu Coticule, ni mwamba wa milima ya Ardennes, na chembe zinazokata ndani yake ni garneti, aina ya madini magumu, nyingi kati ya mikroni 5 na 15. Ukisikia ukubwa huo unadhani ni jiwe la kuanzia. Ila garneti zina umbo lenye nyuso nyingi, karibu la mviringo, na hazizami ndani ya chuma; zinaacha mifereji mipana lakini ya kina kifupi sana. Mwanga unatawanyika juu yake, ndiyo maana unaona maziwa. Kinachoudhuru ukingo ni kina cha mkwaruzo pale unapotokea ukingoni. Upana hauna neno. Rafiki yako ana mikwaruzo mipana ila ya kina kifupi, na ukingo wake umenyooka.

Kuna jingine ambalo NoaPole hakuligusa. Ukinoa muda mrefu sana, au ukikandamiza, chuma cha ukingoni kinakuwa chembamba kiasi kwamba kinakunjika badala ya kukatwa na jiwe. Wengine wanakiita unyuzi. Huu unadanganya kuliko kitu kingine chochote: unakata unywele hewani, unanyoa vizuri mara moja, halafu siku ya pili umeshavunjika na wembe una mapengo. Kwa hadubini, lenga upande mmoja, kisha geuza wembe ulenge upande wa pili mahali pale pale. Ukiona mstari mwembamba unaometa upande mmoja, na upande wa pili ukingo una kivuli kama umejificha, huo ni unyuzi umeegemea. Kuuondoa, pitisha makali wima, mara moja tu, kwa uzito wa wembe wenyewe, juu ya ukingo laini wa glasi. Utaona ule mstari mweupe wa Hooke umejitokeza. Kisha noa kwa mkono mwepesi mpaka mstari upotee, na usizidishe hapo.

#9 KinyoziMkongwe

Hilo la glasi ni kweli. Sisi tulifundishwa kupitisha kwenye ukucha, na hatukuambiwa kwa nini. Nimefurahi kulijua leo.

#10 Asubuhi_Njema

Swali kwa FundiMetali. Inakuwaje unywele, kitu laini, uharibu chuma? Wembe wangu baada ya wiki tatu unaonyesha vipengo vidogo, na haujaanguka wala kugonga bomba.

#11 FundiMetali

Swali zuri, na lilichunguzwa kwa kina kwenye chuo cha MIT, Marekani, na kundi la mtafiti wa metali Cem Tasan. Matokeo yalitoka mwaka 2020 katika jarida la Science. Waliweka nyembe za dukani ndani ya hadubini ya elektroni na kutazama zinavyokata unywele. Unywele ni laini kuliko chuma kile kwa takriban mara 50, na bado ulimega ukingo. Walikuta mambo matatu yanapaswa kukutana: unywele ukutane na wembe kwa kuinama badala ya kukatwa wima, chuma cha pale kisiwe cha aina moja sawasawa, na unywele uangukie kwenye ubavu wa udhaifu mdogo uliokwishakuwepo. Yakikutana, nguvu zote zinajaa sehemu moja na kipande kinaruka.

Nyembe zile ni za kutupa, za chuma kisichoshika kutu, na zetu ni tofauti. Hata hivyo mimi nimeanza kuvihofia vishimo vidogo vya ukingoni kuliko zamani. Na usisahau kutu. Ukingo ni mwembamba mno. Maji yakikaa usiku mmoja yanaula kabla hujaona doa lolote kwenye bapa. Vipengo vya unywele vina kingo kali na ndani vinang'aa. Vya kutu ni vyeusi, vya mviringo, na mara nyingi vinaendelea nyuma ndani ya mshazari kama vidoti. Vya kwanza jiwe la 4000 linaviondoa. Vya pili huwa unaondoa kimoja na jiwe linafungua kingine kilichokuwa chini yake, mpaka ufikie chuma kizima.

#12 Mwanafunzi_wa_Makali

Wakuu nimerudi. Nimefanya kama NoaPole alivyosema. Rula imenipa pikseli 510 kwa milimita. Plastisini imefanya maajabu, kwa mara ya kwanza naona mshazari wote uko wazi.

Sasa nimekuta kitu. Nimetoka jiwe la 8000, ukungu uko sawasawa kila mahali kama ulivyosema, ila kuna mikwaruzo mirefu, mmoja mmoja, mipana, inayokatisha ukungu mzima mpaka ukingoni. Nimehesabu saba kwa wembe mzima. Na kila mmoja unapofika ukingoni kuna kipengo. Nikadhani nimesahau mikwaruzo ya 1000, nikarudi 4000 nikaisafisha yote, nikahakikisha kwa hadubini kwamba imeisha. Nikaenda tena 8000. Imerudi, tena mahali pengine kabisa.

#13 NoaPole

Mkuu, umefanya jambo la maana sana kuhakikisha kwenye 4000 kabla ya kupanda. Kwa sababu hiyo jibu liko wazi: mikwaruzo hiyo imezaliwa kwenye jiwe la 8000. Kuna chembe za 1000 juu yake.

Zinafikaje? Tazama mwelekeo wake. Mikwaruzo uliyoisahau ingelala sambamba na mingine ya jiwe lake, na ingebaki mahali pale pale. Hii inahamahama. Chembe inakuwa imekaa juu ya jiwe, wembe unaipitia, inachora mfereji mmoja, inabingirika na kusubiri mpito unaofuata. Mimi niliwahi kuikuta chembe ya namna hiyo chini ya utepe wa mgongoni. Nilikuwa naosha jiwe, naosha mikono, naosha wembe, na tope la 1000 limejificha kwenye gundi linatoka kidogo kidogo.

Anza hivi. Toa utepe, safisha gundi yote. Osha wembe kwa sabuni, hasa kwenye egemeo la mpini ambako tope linaingia na kukauka. Badilisha maji ya bakuli. Usitumie maji uliyoloweshea 1000. Kama una kitambaa ulichofutia kwenye mawe yote, kiweke kando. Kisha sugua uso wa 8000 kwa jiwe dogo la kusawazishia ambalo halijawahi kugusa la 1000, suuza, ndipo unoe mipito kumi tu na utazame.

#14 Mwanafunzi_wa_Makali

Jiwe la kusawazishia ninalo moja, nalitumia kwa mawe yote.

#15 NoaPole

Basi tumelipata. Lisugue chini ya maji yanayotiririka kwa brashi ngumu, au kwa 8000 tumia karatasi ya msasa laini iliyobandikwa juu ya kioo. Weka kidoti cha kalamu ya wino mgongoni kila sentimita moja ili upige picha mahali pale pale kabla na baada. Ukizipata, ziweke hapa hapa tuzilinganishe.